Historia ya mtama imo kwenye vigae

Ndugu Mhariri,

Kila inapoelezwa historia ya kilimo, tunapelekwa moja kwa moja Mashariki ya Kati kwenye ngano na shayiri, na Afrika hutajwa baadaye kama mahali palipoletewa mbegu. Naandika kuutetea mtama. Ushahidi wake upo, umekwisha kuchapishwa, ila hausemwi.

Kwa muda mrefu mmea huu uliwatatiza wataalamu. Mtama mwitu uko Afrika, na huko Nabta Playa, kusini mwa Misri, zimefukuliwa punje zake zilizokusanywa na watu miaka ipatayo 8000 iliyopita. Hata hivyo, punje kongwe za mtama wa kulimwa zilikuwa zikionekana India, kiasi kwamba wengine walidhani mmea ulivuka bahari ukiwa bado wa porini, ukafanywa zao huko ng'ambo.

Jibu lilitoka kwenye vyungu vilivyovunjika. Wafinyanzi wa mashariki ya Sudan walichanganya makapi ya nafaka na udongo wao. Chungu kilipochomwa, makapi yaliteketea yakaacha alama ndani ya kigae. Vigae vya mahali panapoitwa KG23 vilifukuliwa, vikakaa miongo kadhaa, hadi Dorian Fuller, mtaalamu wa mimea ya kale wa University College London, na wenzake walipovitazama upya kwa hadubini. Matokeo yalitoka mwaka 2017: mtama wa kulimwa, wa kati ya 3500 na 3000 KK, mkongwe kuliko ule wa India.

Walijuaje kwamba ulilimwa? Mtama mwitu ukiiva hupukutika wenyewe, na pale punje ilipoachia hubaki kovu laini. Mtama uliozoea mkono wa mvunaji hung'ang'ania suke mpaka upurwe, na ukipurwa kikonyo chake huchanika. Vigae vile vina alama za aina zote mbili, za pori na za shamba. Maana yake ni kwamba mmea ulikuwa bado unabadilika mikononi mwa watu wale, kizazi baada ya kizazi, na sisi leo tunayaona mabadiliko hayo yakiwa katikati ya safari. Sijui hazina ya dhahabu inayoweza kutueleza jambo kubwa kuliko hilo.

Ndiyo maana nina uchungu na yanayotokea Sudan tangu vita vilipoanza Aprili 2023. Makumbusho ya Taifa ya Khartoum yameporwa, na habari zimejaa sanamu na vito, kwa haki kabisa. Lakini kigae hakina mnunuzi, kwa hiyo hakuna anayekifuatilia kikitupwa au kikitenganishwa na lebo inayoonyesha kilikotoka. Bila lebo hiyo, hakuna hadubini itakayokisaidia.

Naomba gazeti lako, litakapoandika tena juu ya urithi wa Sudan, liwaulize wahusika pia habari za maboksi ya vigae: yako wapi, na orodha zake zimesalimika?

Msomaji wako