Mwandishi wenu hakufika Vuga

Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya mapumziko Lushoto. Baridi, plamu, genge la Irente la kutazamia bonde, majengo ya Wajerumani, yote ni kweli. Ila mwandishi amezunguka mji mzima akarudi bila kumtaja Msambaa hata mmoja aliyeishi kabla Mjerumani hajaja.

Mama yangu ni Msambaa, mimi nimekulia Tanga mjini. Desemba iliyopita niliwapandisha wanangu wawili wapaone kwao na bibi yao. Tulichukua Kosta pale Mombo, na kabla hatujafika Soni zile kona zilikwishamshinda mdogo, akatapika. (Mifuko ya plastiki si imepigwa marufuku? Ilibidi itumike kofia yake.)

Lushoto alitutembeza kijana mmoja mchangamfu. Alijua kuwa mji uliitwa Wilhelmstal, kwa jina la Kaiser wao, na kila ukuta wa Mjerumani uliobaki alitusimamisha tupige picha. Pale Irente mkubwa wangu akauliza kule bondeni ni wapi. "Mazinde. Mkonge," akajibiwa. Basi.

Mazinde ndiko alikokaa Semboja, mtoto wa Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wasambaa. Semboja aliacha mlima akashuka kwenye njia ya misafara, akajipatia bunduki. Mwanawe Mputa alitawala Vuga, uliokuwa mji wa wafalme, na Wajerumani wakamnyonga mwaka 1895. Ni hao hao wenye kuta tulizopigia picha.

Siku ya kurudi tuliteremkia Soni, tukachukua bodaboda mbili hadi huko Vuga. Hatukukuta kibao cha watalii wala mtu wa kukata tiketi. Nilimwamkia mzee mmoja kwa Kisambaa changu cha kuokoteza, "Onga mshi." Akacheka, akatukaribisha kwenye benchi la duka. Hapo ndipo wanangu walipomsikia Mbegha, mwindaji wa nguruwe aliyetoka Nguu, akagawa nyama mpaka Wasambaa wakampa ufalme. Mzee akawaambia mfalme wa Wakilindi, ukoo wa huyo Mbegha, alikuwa anadaiwa mvua. Ikinyesha na watu wakashiba, ameiponya nchi, *kuzifya shi*. Wakubwa wakigombana njaa ikaingia, hiyo ni *kubana shi*, kuiharibu. Mdogo akauliza kama diwani wetu naye anadaiwa mvua. Mzee alicheka hadi akapaliwa.

Ombi langu, Mhariri: mtumeni tena mwandishi wenu, safari hii alale Vuga, awakalie wazee hawa wangali wapo. Na wanaosimamia utalii wilayani wawape vijana wanaotembeza wageni habari za Semboja na Mputa, wazitaje pale pale Irente, kwa sababu Mazinde inaonekana chini ya miguu.

Akipanda Kosta, achukue kiti cha mbele.

Mama wa wawili,
Ngamiani, Tanga