Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Chama cha Wenye Nyumba, Kisauni, Mwaka 2024

Wazee wangu, mama zangu, ndugu wanachama, asalaam aleikum na hamjambo nyote.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitazirefusha. Futari ya Ramadhani tulifuturisha, taa za vichochoroni zilitengenezwa, mtaro ulizibuliwa kabla ya masika, na wenzetu waliofiwa walipelekewa rambirambi. Hesabu zote anazo mweka hazina.

Kubwa la mwaka huu ni suala la wakili. Maneno nimeyasikia, mengine yakisemwa barazani nikiwa sipo, kwa hivyo leo nayajibu mbele ya watu.

Ni kweli kamati ilichukua shilingi 96,000 zilizokuwa zimewekwa za kununulia hema na viti, ikamlipa wakili atufuatilie mabadiliko ya sheria za nyumba za kupangisha. Ni kweli pia kwamba wazo lilikuwa langu. Katiba yetu inairuhusu kamati kuhamisha fedha za mradi ambao haujaanza, na kumbukumbu za kikao zipo, zimetiwa sahihi. Kuna aliyesema nimempa kazi jamaa yangu. Wakili yule hatuna udugu wala ukwe. Alichaguliwa baada ya kamati kulinganisha bei za mawakili watatu.

Wanaouliza kwa nini hatukungoja, wautazame mwaka ulivyokwenda. Tarehe 1 Januari ushuru wa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, juu ya kodi tunazopokea kwa wapangaji wa nyumba za kuishi ulishuka kutoka asilimia 10 hadi 7.5, kwa Sheria ya Fedha ya 2023. Unamhusu ambaye kodi zake kwa mwaka ni kati ya shilingi 288,000 na milioni 15, na unatozwa juu ya kodi yote iliyoingia, bila kutoa gharama ya rangi wala fundi wa mabomba. Anayekusanya 40,000 kwa mwezi alikuwa akitoa 4,000, sasa anatoa 3,000. Mwezi wa Juni, vijana walipoingia barabarani, Mswada wa Fedha wa 2024 ukaondolewa. Tarehe 31 Julai Mahakama ya Rufaa ikatangaza kwamba ile Sheria ya 2023 yote ni batili. Mnakumbuka simu zilivyolia! Huyu anauliza turudi kwenye 10, yule ameshaapa halipi hata senti. Wakili akatwambia tuendelee na 7.5 na tuwasilishe kabla ya tarehe 20 ya mwezi kama kawaida, kwa kuwa kesi inakwenda Mahakama ya Juu. Ujumbe huo niliutuma mwenyewe usiku ule ule. Agosti 20 Mahakama ya Juu ikaisimamisha hukumu, na Oktoba 29 ikaitengua. Waliofuata ushauri hawadaiwi. Walioacha kulipa wana faini, na riba ya asilimia 1 kila mwezi juu ya ushuru wasiolipa. Hema lingetusaidia nini hapo?

Kuna mwenzetu mwenye duka mbele ya nyumba, mpangaji wake ni wa miaka mingi na hawana mkataba wa maandishi. Alimtumia ujumbe wa WhatsApp kwamba kuanzia mwezi ujao kodi inapanda kutoka 15,000 hadi 22,000. Kumbe duka lisilo na mkataba wa maandishi linalindwa na Sura ya 301, sheria ya upangaji wa maduka, hoteli na mikahawa. Notisi lazima iwe kwenye fomu maalumu ya sheria, na haianzi kufanya kazi kabla ya miezi miwili. Wakili aliiwahi, notisi ya simu ikafutwa na fomu ikajazwa upya, wala hawakufika kwenye baraza la kodi za nyumba za biashara.

La pili ni zito zaidi. Mwanachama alimng'olea mpangaji mlango. Chumba ni cha shilingi 2,200, mama wa watu ana watoto, mlango umeegemezwa ukutani nje na pazia ndilo linalopepea. Chumba cha kuishi kisichozidi shilingi 2,500 kwa mwezi kiko chini ya Sura ya 296, sheria ya kudhibiti kodi za nyumba za kuishi, na hapo humtoi mtu, wala hukamati vyombo vyake, bila idhini ya baraza la kodi la sheria hiyo. Kumsumbua mpangaji ili ahame mwenyewe ni kosa la jinai. Mwenzetu alilazimika kuurudisha mlango kwa fundi wake, na akadaiwa gharama. Akataka chama kimlipie. Tukakataa, na nikiulizwa tena leo nitakataa. Najua kiwango hicho cha 2,500 ni cha zamani mno na kinatuumiza wenye vyumba vya bei ya chini, lakini ndicho kilichoko kwenye sheria.

Na wale wanaosambaza ujumbe kwamba "sheria mpya ya wapangaji imepita": Mswada wa Wenye Nyumba na Wapangaji wa 2021, uliotaka kuziunganisha sheria hizi za zamani, haujawa sheria. Tafadhali ulizeni kabla ya kumtisha mpangaji au kutishwa naye.

Sasa mahudhurio. Wanachama ni 84. Siku wakili alipokuja kufundisha, tena baada ya Alasiri ili kila mtu aweze, walikaa watu 17, na wanne kati yao ni kamati. Waliopiga kelele zaidi kuhusu hema sikumwona hata mmoja. Iliniuma sana. Ada ndiyo usiseme: waliolipa mwaka mzima ni 31, na malimbikizo yamefika shilingi 318,000. Hizo zingelipwa, hema tungekuwa nalo, na viti, na wakili pia. Wapo wenye vyumba kumi na zaidi ambao kila mwezi hunipigia simu nyumbani kuuliza sheria, nami huwajibu, ilhali ada yao ya shilingi 500 kwa mwezi haijaonekana tangu mwaka juzi.

Mwaka ujao tunatarajia kuendelea na wakili, Mungu akijaalia, na tukipata nafasi tuandike mfano wa mkataba wa kupangisha kwa Kiswahili. Wazo la kupeleka maoni bungeni kuhusu Sura ya 296 nalo lipo, tutalitazama. Hema halijasahauliwa.

Mweka hazina ameketi pale mlangoni na kitabu cha risiti, na atapokea malimbikizo kabla ya uchaguzi kuanza. Asiyelipa hatapiga kura, kama kifungu cha katiba kinavyosema.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti