Shukrani kwa mama wa usiku wa mafuriko

Mwaka wangu wa kwanza kama mzee wa kanisa hapa Mathare, Nairobi, umeisha, na shukrani zangu za kwanza ni zako, mama, ingawa jina lako sikulipata. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipotujazia ukumbi watu waliokimbia maji, sisi wazee tulikuwa tukiandika majina yao. Wewe ukauliza, "Nani ana mtoto anayenyonya?" Ukawapeleka akina mama hao kwenye kona kavu, ukawakorogea uji kabla yeyote hajashika maikrofoni. (Na wa kuishika hatukosi!) Siku hizi kwenye vikao, kabla ya ajenda, nauliza nani amelala njaa wiki hii. Ujumbe huu ukikufikia, pitia Jumapili baada ya ibada ya Kiswahili. Sufuria yako bado tunayo.