Kuzima IPv4 si kusimika NAT64 tu

Ndugu Mhariri,

Wapo mafundi wanaozima IPv4, mfumo wa zamani wa anwani za intaneti, wakabaki na IPv6, mfumo mpya, mtandaoni mwao, wakasimika NAT64 (kitafsiri cha pakiti, yaani vipande vya data, kati ya IPv6 na IPv4) na DNS64 (seva ya majina inayotunga anwani za IPv6 kwa seva zenye IPv4 tu), wakafungua tovuti mbili tatu kwenye kivinjari, basi wakaona kazi imekwisha. Haijaisha, na atakayeumia ni mtumiaji.

DNS64 husaidia pale tu programu inapouliza jina. Seva ikiwa na anwani ya IPv4 pekee, tuseme 192.0.2.33, DNS64 huipachika nyuma ya kiambishi 64:ff9b::/96 (biti 96 za mwanzo wa anwani ya IPv6) na kujibu 64:ff9b::c000:221. NAT64 husoma biti 32 za mwisho na kuipeleka pakiti upande wa IPv4. Lakini programu iliyoandikiwa anwani kwa tarakimu haiulizi jina lolote, kwa hiyo inakwama hapo hapo.

Dawa ni 464XLAT, iliyoelezwa katika RFC 6877 ya mwaka 2013 (RFC ni hati za kiufundi za intaneti). Simu za Android zinayo. Penye vifaa vya zamani iwekwe kwenye ruta: ruta huvipa vifaa IPv4 ya ndani, hugeuza pakiti kuwa IPv6, na NAT64 huirudisha kuwa IPv4 huko mbele.

Mtego uko kwenye ruta hiyo. Kichwa cha pakiti ya IPv4 kwa kawaida ni baiti 20, cha IPv6 ni 40. Kompyuta iliyo nyuma ya ruta haina habari na tafsiri hiyo, inaitangazia seva MSS (data nyingi zaidi iwezayo kuingia kwenye pakiti moja, bila vichwa) ya 1460. Seva inaongeza vichwa na kutuma pakiti ya baiti 1500. Ikifika NAT64 inavimba hadi 1520, na njia inabeba 1500. NAT64 huiarifu seva kwa ICMP (ujumbe wa taarifa na makosa ya mtandao) ipunguze ukubwa, ila kuna fayawoli zinazozuia ICMP zote eti kwa usalama. Basi muunganisho unafunguka, ukurasa mwepesi unakuja, faili kubwa linaganda bila ujumbe wa kosa. Kwenye ruta shusheni MSS ya pakiti za SYN, zinazofungua muunganisho, hadi 1440. Kwenye fayawoli ruhusuni ICMP aina ya 3 kodi 4, na ICMPv6 aina ya 2, kwani MSS haiisaidii UDP (usafirishaji wa data usiotumia MSS) hata kidogo.

Tena, RFC 6052 inakataza kiambishi 64:ff9b::/96 kubeba anwani binafsi kama 10.0.0.5. Mwenye seva za ndani za IPv4 atenge /96 katika anwani zake mwenyewe, aiingize kwenye DNS64 na NAT64 pia. Ikiingizwa upande mmoja tu, majina yatajibiwa na pakiti zitapotea.

Kabla ya kukabidhi kazi, ulizeni rekodi ya AAAA (anwani ya IPv6) ya ipv4only.arpa, jina lenye anwani za IPv4 pekee; jibu likirudi na kiambishi chenu, DNS64 iko hai. Kisha pakueni faili kubwa kwa kuandika anwani ya IPv4 yenyewe, bila jina.

Fundi wa mitandao