Mtihani wa Kiingereza ubaki, posho isiguswe: barua ya wazi kwa Amidi wa Shule ya Uzamili

Mheshimiwa Amidi,

Barua ya Kiingereza kuhusu mtihani wa kuzungumza Kiingereza mnaowapa wasaidizi wa kufundisha wanaotoka nje nilishakuletea, na ofisi yako ikanijibu kwa heshima zote kwamba hoja yangu imepokelewa. Hii ya leo naiandika kwa Kiswahili na kuiweka hadharani, kwa sababu wanaonipigia simu usiku kuniuliza habari za huku ni wenzangu wa Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Bukavu wanaojiandaa kuja kusoma Marekani, nao wanastahili kujua kinachowasubiri. Chuo chako kinafundisha Kiswahili. Ukitaka kujua nimesema nini, wanafunzi wako watakusomea.

Nianze na tunalokubaliana. Mzazi anayelipa ada ya chuo cha Marekani ana haki ya kudai kwamba anayemfundisha mwanawe aeleweke, na madai hayo hayakuanza jana. Florida ilitunga sheria yake mwaka 1983, Pennsylvania mwaka 1990, na majimbo mengine kadhaa yakafanya hivyo katika miaka hiyohiyo, vyuo vilipokuwa vinajaza semina za hisabati na uhandisi kwa wanafunzi wa uzamivu kutoka nje. Wapo waliotaka kwenda mbali zaidi. Mwaka 2005, Dakota Kaskazini, mbunge mmoja alipeleka muswada kwamba asilimia 10 tu ya darasa wakilalamikia Kiingereza cha mwalimu, aondolewe kufundisha. Ulipunguzwa makali kabla ya kupita, na afadhali, maana sijui mwalimu gani wa takwimu, awe Mmarekani au Mmakonde, asiyelalamikiwa na asilimia 10 ya darasa lake.

Kwa hiyo mtihani siupingi. Ninachopinga ni kwamba mmeufunga kwenye posho.

Kwa msomaji wa nyumbani nieleze kidogo. Mwanafunzi wa uzamivu huku, mara nyingi, halipi ada na wala hana mkopo wa Bodi. Idara inamsamehe ada na kumpa posho ya kila mwezi, naye anailipia kwa kazi isiyozidi saa 20 kwa wiki: anaongoza semina, anasahihisha kwizi, anakaa ofisini kusubiri wenye maswali. Viza yake ya mwanafunzi, iitwayo F-1, haimruhusu kuzidisha saa hizo muhula ukiwa unaendelea, wala kutoka nje ya chuo kwenda kubeba boksi. Akinyimwa semina, posho imekwenda. Posho ikienda, ada inamrudia yeye. Ada ikimshinda, masomo yamekwisha na viza imekwisha. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tungesema amedisko, yaani ameondolewa masomoni kwa kufeli, ila huyu anadisko bila kufeli somo hata moja.

Na mtihani unafanyika lini? Wiki moja kabla ya muhula kuanza, mtu akiwa hajajua hata basi la chuo linasimama wapi. Chumba ni kidogo, kamera iko juu ya miguu mitatu, watahini wawili wamekaa na fomu zao. Unapewa dakika 10 ueleze dhana moja ya fani yako kana kwamba uko mbele ya darasa, na darasa lenyewe halipo. Hayupo wa kukunja uso ukajua kwamba hapa nimemwacha, nirudie kwa njia nyingine. Hayupo wa kunyoosha mkono. Mwalimu yeyote atakwambia kwamba nusu ya ufundi wake ni kusoma nyuso, na nusu hiyo mtihani wenu umeiacha nje ya mlango. Watahini wamekatazwa kutikisa kichwa, wasije wakampendelea mtu. Unaongea na kuta, kisha siku tatu baadaye inakuja baruapepe yenye tarakimu moja.

Kabla ya hapo mtu huyo alishafanya TOEFL, mtihani wa Kiingereza wa wanaoomba vyuo vya nje, ile ya kwenye kompyuta iliyoanza mwaka 2005, anazungumza na maikrofoni kwa sekunde 45 huku jirani naye anapaza sauti yake. Kwa miaka mingi sehemu ya kuzungumza ilihesabiwa juu ya 30, na vyuo vingi vikataka msaidizi wa kufundisha apate kati ya 24 na 28. Matokeo yake yanaisha nguvu baada ya miaka 2, kwa hiyo aliyefanya mapema akachelewa kudahiliwa anatoa dola zake tena.

Kuna pia ile orodha ya nchi. Kwenye yenu, Mkenya anapita bila kutahiniwa, Mtanzania anatahiniwa. Mimi na Mkenya wa idara yangu tumesoma sekondari kwa Kiingereza na shahada kwa Kiingereza, tofauti yetu kubwa ni mpaka wa Namanga. Sisemi naye atahiniwe, Mungu apishe mbali, tunakaa nyumba moja. Nasema orodha inapima pasipoti. Vyuo vingi vya Marekani vikifika kwenye Kanada huandika "isipokuwa Quebec", na hapo aliyezaliwa Montreal akasoma McGill, chuo kinachofundisha kwa Kiingereza, naye anajikuta anatakiwa kuthibitisha.

Sasa niseme ukweli wa upande wetu. Kiingereza chetu kina tabia zake, na zinajulikana. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, nasi tunauhamishia mkazo huo kwenye lugha ya watu. "Parameter" Mmarekani anaikaza kwenye "ra", sisi tunaikaza kwenye "me". "Analysis" yeye anakaza "na", sisi "ly". Katika semina ya takwimu maneno hayo yanatajwa mara nyingi kuliko jina la mwalimu. Halafu kuna urithi wa Mwingereza: herufi z tunaiita "zed". Muhula wangu wa kwanza niliandika jedwali la z ubaoni, nikawaeleza wanafunzi jinsi ya kulisoma, wakawa wanatazamana tu, mpaka kijana mmoja wa nyuma akasema kwa sauti, "Aah, zee!" na darasa zima likaandika. Hesabu walikuwa wameielewa muda wote, herufi ndiyo iliyowafunga.

Mambo kama hayo yanafundishika, tena kwa muda mfupi, akipatikana mtu anayejua asikilize nini. Lakini kozi mnayompeleka aliyekosa alama ni ya jioni, haihesabiki kwenye shahada, na inachanganya watu wa fani zote wakirudia tofauti ya "ship" na "sheep" kutoka kwenye kitabu. Mwenzangu wa kemia alimaliza muhula mzima bila kutamka jina la hata kemikali moja mbele ya mwalimu wa kozi. Mnaiita msaada. Kwenye korido inaitwa kifungo, na aliyepangiwa hawaambii wenzake.

Haikulazimika kuwa hivyo. Purdue, jimboni Indiana, wana programu inayounganisha mtihani wa mdomo na kozi ya madarasa madogo, kila mwanafunzi akikaa pia peke yake na mwalimu wake kusikiliza alivyorekodiwa. Hapo mtu anajua kosa lake ni mkazo, au kasi, au kuongea akiwa ameupa ubao uso na darasa mgongo. Hilo la mwisho halina uhusiano na lafudhi kabisa, na Wamarekani wenzetu wanaliongoza kwa mbali. Wao hakuna anayewapima.

Liko jambo jingine, Mheshimiwa, ambalo fomu za watahini hazina mahali pa kuliandika. Mwaka 1992 Donald Rubin wa Chuo Kikuu cha Georgia alichapisha jaribio lake. Aliwasikilizisha wanafunzi wa shahada ya kwanza mhadhara mfupi uliorekodiwa kwa sauti ya Mmarekani aliyekulia Ohio. Sauti ilikuwa ileile kwa wote. Baadhi yao walionyeshwa picha ya mwanamke Mzungu kama ndiye msemaji, wengine picha ya mwanamke wa Kiasia. Walioonyeshwa Mwasia walisikia lafudhi ya kigeni ambayo haikuwepo, na walipopimwa walichokishika kwenye mhadhara, walikuwa wameshika kidogo zaidi. Masikio yalifuata macho. Mwaka 2015 Rubin, pamoja na Okim Kang na Stephanie Lindemann, walitoa utafiti mwingine: wanafunzi waliokaa kikao kifupi na wasaidizi wa kufundisha kutoka nje, wakatatua fumbo pamoja, baadaye waliwaona wanaeleweka zaidi. Wasaidizi hawakuwa wamefundishwa matamshi mapya katika kikao hicho. Kilichobadilika ni msikilizaji.

Wiki ya kuwakaribisha wanafunzi wapya mnawafundisha kuogelea, kupika tambi na kutumia maktaba. Kikao kimoja cha namna hiyo kingeingia bila kumtoa mtu jasho, na kila jopo la mtihani lingeweza kuwa na wanafunzi wawili wa shahada ya kwanza wenye ruhusa ya kuuliza swali na kukunja uso.

Ila hayo yanaweza kusubiri kamati zako. La posho haliwezi. Ninachoomba ni kwamba kila aliyedahiliwa kwa ahadi ya usaidizi wa kufundisha alipwe mwaka wake wa kwanza wote, apate alama yoyote atakayopata. Asiyefikia kiwango asiachiwe semina peke yake, hilo sawa. Apewe kusahihisha, apewe kuandaa majibu ya mazoezi, akae semina ya mwenzake na kufundisha robo saa kila wiki huku akisoma kozi iliyofungamana na fani yake. Kazi hizo zipo tayari. Katika idara yangu zinafanywa na Wamarekani wanaozipenda kwa sababu hazina maandalizi, na kubadilishana zamu nao hakuhitaji senti mpya kwenye bajeti. Usemi wa Mkuu wa Fedha kwamba "hakuna fungu" nimeusikia, na sijaona unahusu nini hapa.

Barua za kuwadahili wapya zinatoka kabla ya Aprili 15, siku ambayo vyuo vingi vya Marekani vimekubaliana kuwa ya mwisho kwa mwanafunzi kuipokea au kuikataa posho aliyoahidiwa. Sasa hivi sharti la mtihani limeandikwa kwenye kiambatisho, ukurasa wa nne, baada ya habari za maegesho. Naomba barua za mwaka huu zilitaje ukurasa wa kwanza, na chini yake iwepo sentensi moja kwamba posho ya mwaka wa kwanza haitegemei alama hiyo. Rasimu ya sentensi yenyewe, kwa Kiingereza, iko kwa karani wako tangu Jumatatu.

Wako katika kazi,

Msaidizi wa kufundisha, Idara ya Takwimu