Kona Ile Uliyonipigia Picha

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Sisi huku tu wazima. Baba yako anakusalimu sana, anauliza kama chumba chako kina mwanga wa kutosha kusomea.

Ile picha uliyonitumia juzi nimeitazama mpaka macho yakauma. Uliandika, "Mama, ona nje ya geti la chuo palivyo pazuri," na kweli pazuri. Nimeliona duka la simu lenye vioo toka juu hadi chini, nikaliona na lile jengo refu la vyumba vya wanafunzi. Lakini mimi nilikuwa natafuta mlango. Pale lilipo bango la simu palikuwa na mlango mwembamba wa bluu, rangi imebanduka kwenye kitasa kwa kushikwashikwa. Nilifika mji huo mwaka 1991, nikaupita mlango ule karibu kila siku mpaka nilipohitimu, na sijawahi kukaa nawe nikakusimulia. Leo nakaa.

Lilikuwa duka la kutoa kopi. Chumba kimoja, mashine mbili, benchi moja. Mwenyewe tulimwita Mzee wa Kopi. Ukimpa kitabu cha maktaba alikifungua taratibu, kama mtu anayefungua dirisha chumba alicholala mtoto, akakilaza kifudifudi juu ya kioo, akakikandamiza kwa kiganja. Taa ya kijani ikapita chini, karatasi ikatoka upande wa pili ikiwa ya moto. Asubuhi za baridi tulizikumbatia zile karatasi kifuani. Akimaliza alizigonga kingo mezani, mara tatu upande huu, mara tatu upande ule, ndipo akazibana pini. Na kwa kuwa vitabu vinene havilali sawa, alilazimika kushika ukurasa kwa kidole gumba, basi kila kopi ilitoka na kivuli cheusi cha kidole hicho pembeni. Miaka yangu yote ya chuo nilisoma kando ya kidole gumba cha mzee yule.

Kwa ajili yake nimekuwa nikisoma habari za mashine hizo hadi leo. Kopi ya kwanza kabisa ya aina ile aliitoa Chester Carlson tarehe 22 Oktoba 1938 huko Astoria, New York, na alichokiandika juu yake ni tarehe hiyo na jina la mtaa, basi. Ikapita miaka 21 kabla Xerox hawajatoa mashine yao ya 914, mwaka 1959, na baada ya hapo hakuna chuo kilichokaa bila duka la kopi mlangoni. Huko California mwaka 1970 kijana mmoja, Paul Orfalea, alifungua duka karibu na chuo kikuu cha Santa Barbara, dogo kiasi kwamba mashine ilibidi isukumwe nje, kando ya barabara. Akaliita Kinko's kwa sababu ya nywele zake za kujiviringa. Likazaa maduka zaidi ya elfu moja. FedEx wakalinunua mwaka 2004, na mwaka 2008 jina lenyewe likaondolewa. Nilipoisoma habari hiyo nilimfikiria Mzee wa Kopi, ambaye mlango wake haukuwa hata na jina la kuondolewa.

Foleni yake ilikuwa ndefu, hasa wiki za mitihani, na humo ndimo nilimopata watu wangu. Mama Mkubwa unayempenda, unajua si ndugu yetu wa damu. Alikuwa mbele yangu kwenye foleni ile, ameshika kitabu nilichokuwa nimekitafuta wiki nzima, maana maktaba ilikuwa nacho kimoja tu. Sikumjua, naye hakunijua. Akageuka, akaona ninavyokitazama. Hakuniuliza kitu. Alimgeukia mzee akasema, "Toa mbili." Miaka zaidi ya thelathini sasa, na mpaka leo akipika chochote ananiwekea.

Vibanda vya simu vilikuwa upande wa pili wa barabara, vinne. Jumapili jioni tulipanga mstari pale kupiga nyumbani, na ulijua nani kapata habari mbaya kwa jinsi alivyorudisha mkono wa simu. Palikuwa pia na studio ya kusafisha picha: unapeleka filamu ya picha 36, unarudi baada ya siku tatu, unaogopa kufungua bahasha. Mashine ya kusafisha ilizimwa simu zilipoanza kupiga picha. Kodak wenyewe, waliotutengenezea filamu zile, waliomba kinga ya kufilisika Januari 2012.

Duka la vitabu vilivyotumika ndilo linaloniuma zaidi. Vumbi lake nalikumbuka mpaka puani. Mwenye duka alikuwa mama mmoja mkimya aliyeweka kigoda katikati ya rafu mbili kwa makusudi, ili asiye na fedha ya kununua akae asome. Hakukufukuza. Kurasa za mbele za vitabu vyake zilijaa majina ya waliovisoma kabla yetu, jina juu ya jina, na pembeni maswali yao kwa penseli. Niliwahi kukuta mtu ameandika "hapa sikuelewa" mahali palepale nami nisipopaelewa, nikahisi nimeshikwa bega. Maduka ya namna hiyo yameondoka kila penye chuo. Ndugu wawili walioanzisha Borders mwaka 1971 huko Ann Arbor, Marekani, kwenye Chuo Kikuu cha Michigan, walianza na vitabu vilivyotumika. Duka likakua likaenea nchi nzima, na mwaka 2011 yote yakafungwa. Cody's ya Berkeley, iliyofunguliwa mwaka 1956, ilifunga duka lake la Telegraph Avenue mwaka 2006, na miaka miwili baadaye ikatoweka kabisa. Amazon walikuwa wameanza kuuza vitabu kwenye intaneti tangu 1995, na wanafunzi ndio watu wa kwanza kutafuta nafuu. Siwalaumu. Hata mimi ningetafuta.

Halafu kijiwe chetu, mgahawa wa pembeni. Kikombe kimoja kilikutosha jioni nzima, na hakuna aliyekuja kukuinua. Pale nilisikia mabishano ambayo hakuna mhadhiri aliyenipa. Mwanasosholojia Ray Oldenburg mwaka 1989 aliandika juu ya sehemu hizi akaziita mahali pa tatu: si nyumbani, si kazini, ni pale unapokwenda kwa ajili ya watu. Sisi tulikuwa na neno letu tayari, kijiwe, na linatosha.

Kilichoua mgahawa si simu. Hesabu za mji wa chuo ni ngumu, mwanangu, na hakuna anayekufundisha ukiwa mwanafunzi. Chuo kikifunga, barabara inabaki na mbwa na upepo, lakini kodi ya pango inadaiwa miezi yote 12. Duka linaishi kwa msimu wa masomo na kuvumilia likizo. Sasa mwenye jengo akigundua kwamba juu ya kiwanja kilekile anaweza kupandisha ghorofa za vyumba vya wanafunzi, yule wa kikombe kimoja ataongeza nini ili abaki?

Wewe hukumbuki, lakini ulipokuwa mdogo nilikupeleka huko. Nilikushika mkono tukapita kona ile nikitaka umwamkie Mzee wa Kopi. Mlango ulikuwa umeshazibwa kwa matofali. Nikawauliza vijana waliokuwa wamekaa pale, mmoja baada ya mwingine. Walikuwa na adabu kabisa. Mmoja akaniambia, "Mama, labda umekosea mtaa." Nililia njia nzima ya kurudi, nawe ukawa unanifuta uso kwa kofia yako.

Baadaye nilielewa. Mji ule unabadilishiwa watu wake karibu wote kila baada ya miaka minne. Kila kundi linafika likidhani yote yaliyopo yalikuwepo, linahitimu, linaondoka na kumbukumbu zake kwenda kuishi mbali. Kwingine duka likifa kuna jirani aliyezaliwa mbele yake atakayelitaja. Pale jirani ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mzee wa Kopi alifunga mlango siku ambayo mimi siijui, na sisi tuliopaswa kwenda kumpa pole tulikuwa tumeshatawanyika, tuna kazi, tuna watoto. Ndiyo maana nakuandikia kwa mkono na kwa urefu huu. Nataka huko uliko awepo mtu mmoja anayepita kona ile akijua.

Ndani ya bahasha nimekuwekea karatasi moja kutoka kwenye kile kitabu cha Mama Mkubwa, ile kopi yangu ya "toa mbili." Imeshakuwa ya manjano, usiikunje. Tazama pembeni kushoto, chini kidogo ya katikati. Ukisimama kwenye kona hiyo, weka kidole gumba chako juu ya chake. Kisha uniandikie ni nani anakutolea karatasi zako siku hizi, na kama ana benchi la mtu kusubiria.

Akupendaye,
Mama yako