Mbona brandi hii ni ghali kuliko ile?

Jumamosi mzee mmoja wa Kisauni, mteja wetu wa siku nyingi asiyenunua kitu kabla ya kuuliza, aliweka chupa mbili juu ya kaunta. Zote zimeandikwa VSOP, herufi za kuonyesha umri wa brandi. "Mwanangu, hii bei yake mara tatu ya mwenziwe. Kwa nini?" Nikaanza hadithi ya mapipa. Akanikata: "Mapipa nayajua. Niambie aliyelima."

Basi nilimwanzia kwenye mnazi. Tembo la asubuhi ni tamu, la jana limechacha, na mgema asiyesafisha kibuyu chake hujulikana kwa funda la kwanza. Divai ya kupikia brandi ina tabia hiyohiyo.

Ile chupa ya ghali ni konyaki, yaani brandi ya Cognac, Ufaransa. Kule zabibu inayotawala ni Ugni Blanc: nyeupe, chachu, ina sukari kidogo. Divai yake ina kileo cha asilimia 9 hivi, na ukiletewa mezani utairudisha. Lakini uchachu huo ndio ulinzi wake, maana haitiwi salfa ya kuihifadhi kama divai nyingine; salfa ingepanda na mvuke na kuharibu harufu. Hupikwa mara mbili kwenye mtambo wa shaba, na kazi hiyo lazima iishe kufikia Machi 31. Lita 9 hivi za divai hutoa lita 1 tu ya kinywaji kikali. Zabibu zikiwa zimeanza kuoza, harufu ya uozo nayo hukolea.

Sasa joto linaongezeka. Zabibu huiva mapema, sukari inapanda, uchachu unashuka, na ulinzi ule unapungua. Mvua ikizidi, ukungu hushambulia majani. Aprili 2021 sakitu, baridi ya kugandisha, iliunguza machipukizi katika mashamba mengi ya Ufaransa, usiku mmoja tu ukatosha kumharibia mtu mwaka mzima. Dawa ya kienyeji ya ukungu ni mchanganyiko wa shaba na chokaa, lakini shaba haiozi, hubaki udongoni mwaka baada ya mwaka. Ili kupunguza dawa shambani, wakulima wengi wameacha nyasi zimee kati ya mistari badala ya kupiga dawa ya magugu, wengine hupanda jamii ya kunde ili kurutubisha udongo, na hupiga dawa ya ukungu baada ya kusoma hali ya hewa, si kwa kufuata kalenda.

Hayo yana gharama, na mkulima hawezi kuibeba peke yake. Kampuni kubwa za konyaki hununua sehemu kubwa ya mahitaji yao kwa maelfu ya wakulima. Mkulima mwenye mkataba wa miaka kadhaa anathubutu kubadilisha kilimo. Anayeuza msimu kwa msimu atapiga dawa alale. Mzabibu mpya huchukua miaka 3 hivi kabla ya kuzaa vizuri, na konyaki ya VSOP lazima ikae pipani miaka 4 au zaidi. Mche unaopandwa leo utatufikia hapa Nyali baada ya miaka 7 kwa uchache.

Ile chupa ya pili ilikuwa brandi ya kwingine, na huko herufi VSOP hazibanwi na sheria hiyo. Na konyagi ya jirani zetu Tanzania, wanaouliza ni wengi, haitokani na zabibu kabisa. Ni ya miwa.

Tangu mwezi huu, kila brandi dukani ina kadi: zabibu za wapi, nani alipika, imekaa pipani muda gani. Msambazaji akishindwa kutujibu, tunaacha nafasi wazi mwone wenyewe. Ukitaka chupa ya familia inayolima na kupika yenyewe, tunaagiza. Utangulize nusu ya bei, na usubiri wiki kadhaa. Chini ya miaka 18, hatuuzi.

Mzee alisikiliza yote, akachukua ile ya bei ndogo. Ile nyingine, alisema, ataifuata wapangaji wake wakishalipa.